Sura ya Tano: Mvua za Tufani na Shamba Dogo Katika Bonde la Mkondoa

Mkulima mdogo wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, hulima katika nchi ambayo sehemu kubwa ya maji yake huanguka kwanza juu ya ardhi ya watu wengine. Kuanzia Mabwerebwere na vijiji jirani hadi Mikumi, mashamba yametandazwa kati ya milima ya Rubeho na Ukaguru upande wa magharibi na mbuga ya Mkata upande wa mashariki, na maji yanayoporomoka kutoka milimani hayana njia nyingine ila kupita katikati ya mashamba hayo. Upande wa kusini, kwenye vijiji vya Ruhembe na Kidodi, maji huelekea mto Ruaha Mkuu. Kwingineko huchukuliwa na mto Mkondoa na vijito vyake hadi mto Wami. Mkulima anayetaka kulinda ekari yake moja na bustani yake ya mboga hana budi kuyafahamu maji ya aina tatu, yaani yale yanayompiga kutoka juu, yale yanayotiririka kutoka mlimani na yale yanayopanda kutoka mtoni, kwa sababu kila aina ina madhara yake na dawa yake.

Katika sura hii, mvua ya tufani ni mvua kubwa inayoshuka kwa muda mfupi, mara nyingi ikiandamana na radi na upepo mkali, hata ardhi ikashindwa kuyanywa maji kwa kasi inayoyapokea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huihesabu mvua kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ikitajwa redioni, namba hiyo huonekana ndogo, lakini ikigeuzwa kuwa ujazo uzito wake hudhihirika: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na ekari moja ina zaidi kidogo ya mita za mraba 4,000, kwa hiyo milimita 50 zinazoanguka usiku mmoja huiletea ekari hiyo lita 200,000, ambazo ni tani 200 za maji. Kabla hata mto haujajaa, maji hayo ama yatazama ardhini ama yataondoka na udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba ambao mkulima ameutunza kwa miaka.

Mazoea ya kuyahusisha mafuriko na masika pekee yamewagharimu sana wakulima wa bonde hili. Mafuriko makubwa ya mto Mkondoa yaliyoingia mjini Kilosa, kuwaacha maelfu ya watu bila makazi na kuiharibu reli ya kati katika kipande cha Kilosa hadi Gulwe, yalitokea mwishoni mwa Desemba 2009 na kuendelea Januari 2010. Mafuriko ya Dumila na Magole, yaliyoharibu daraja na kukata barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma, yalitokea Januari 22, 2014. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zilianza kumwagika kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Matukio yote hayo yaliwakuta wakulima kabla ya Machi, mwezi ambao kwa kawaida watu huanza kuizungumzia masika.

Sababu yake iko katika mahali penyewe. Ukanda Mvua, yaani eneo ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kuinua hewa yenye unyevu, hulifuata jua, hivyo hushuka kusini kuanzia Oktoba na kurejea kaskazini kuanzia Machi. Maeneo ya kaskazini ya nchi hupitiwa nao mara mbili na kupata vuli na masika, ilhali maeneo ya kusini hukaa chini yake mfululizo kuanzia Novemba hadi Aprili. TMA katika utabiri wake huugawa mkoa wa Morogoro, kaskazini ukihesabiwa pamoja na pwani ya kaskazini yenye misimu miwili, na kusini ukihesabiwa pamoja na mikoa ya kusini yenye msimu mmoja. Kilosa imekaa karibu na mpaka huo, na kwa hiyo mvua kubwa ya Desemba au Januari hapa ni jambo la kutarajiwa.

Jambo hilo lina matokeo makubwa kuliko linavyodhaniwa. Ikiwa tufani ya kwanza inaweza kufika Novemba au Desemba, basi hasara ya shamba huwa imeamuliwa Septemba na Oktoba, wakati wa kuandaa mashamba, ambapo wakulima wengi huchoma mabua na nyasi ili kurahisisha kulima, kufukuza panya na kuua wadudu. Sababu hizo ni za kweli na hazistahili kubezwa, hasa kwa familia inayolima kwa jembe la mkono. Hata hivyo, shamba lililochomwa huingia kwenye mvua likiwa uchi. Matone makubwa hupiga udongo mtupu, huvunja chembe zake na kuziba vitundu vinavyopitisha maji, na baada ya dakika chache hujengeka juu ya ardhi ukoko mwembamba ambao maji huteleza juu yake kama yanavyoteleza juu ya bati. Mkulima akifukua kwa kidole mara baada ya mvua kama hiyo, hukuta sentimita chache chini ya ukoko udongo uliobaki mkavu, na wakati huohuo maji ya rangi ya kahawia yanakimbilia kwa jirani.

Kinga ya kwanza na ya bei nafuu, kwa hiyo, ni matandazo, yaani mabua, majani na nyasi zilizolazwa juu ya udongo ili zipokee kishindo cha matone. Mbaazi zilizopandwa pamoja na mahindi husaidia vilevile, kwa kuwa hubaki shambani mahindi yakishavunwa na kuangusha majani yake wakati wa kiangazi. Ugumu mkubwa zaidi katika Kilosa unatokana na mifugo, kwa sababu mabua yaliyoachwa shambani ni malisho, na wilaya hii imeshuhudia migogoro mikali kati ya wakulima na wafugaji. Mkulima mmoja hawezi kuyalinda mabua yake peke yake. Makubaliano ya kijiji kuhusu lini na wapi ng'ombe waingie mashambani yanaingia moja kwa moja katika kinga dhidi ya tufani, ingawa ni mara chache yanapohesabiwa hivyo.

Maji yanayotoka mlimani

Palipo na mteremko, matandazo peke yake hayatoshi, na hapo ndipo huhitajika makinga maji, yaani mitaro inayochimbwa kuukata mteremko ili kuyapunguzia maji kasi. Namna moja inayojulikana sana Afrika Mashariki ni fanya juu, iliyoenea kutoka Machakos nchini Kenya, ambapo mkulima huchimba mtaro wenye upana na kina cha takriban sentimita 60 na kurusha udongo upande wa juu, likajengeka tuta ambalo huoteshwa matete au nyasi nyingine za kulishikilia. Udongo unaosukumwa na mvua hukwama nyuma ya tuta, na baada ya misimu kadhaa shamba hujisawazisha lenyewe ngazi kwa ngazi.

Mahali pa kuchimba hapakisiwi kwa macho, kwani macho hudanganya kwenye mteremko, na kifaa cha kupimia hugharimu fito tatu, kamba na jiwe. Fito mbili za zaidi ya mita mbili hufungwa pamoja kwa juu na kutanuliwa kwa chini hadi miguu yake iachane mita mbili, kisha ufito wa tatu hufungwa kukingama katikati, na kutoka kileleni huning'inizwa kamba yenye jiwe. Ili kuipata alama ya usawa, miguu husimamishwa juu ya vigingi viwili na mahali kamba inapougusa ufito wa katikati huwekwa alama. Kisha miguu hubadilishana vigingi na alama ya pili huwekwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba hupita miguu yote miwili inapokuwa kimo kimoja. Mkulima hukitembeza kifaa hicho mguu kwa mguu kuvuka shamba, akipigilia kijiti kila kamba inapotulia kwenye alama. Mahali penye mvua za tufani ni bora mtaro uwe na mwinamo mdogo wa kuyatoa maji, na huo hupatikana kwa kufunga kipande cha mti chenye unene wa sentimita moja chini ya mguu wa mbele, ambacho huushusha mtaro kwa sentimita moja katika kila mita mbili.

Kosa linaloharibu mashamba mengi kuliko kutokuwa na makinga maji kabisa ni kuyachimba bila kuyapa pa kutokea. Mtaro uliojaa hupasuka mahali palipo dhaifu, na maji ya shamba zima yakipita kwenye tundu moja huchimba korongo kwa usiku mmoja. Mwisho wa kila mtaro unapaswa kufika kwenye njia ya maji, pana na isiyo na kina, iliyooteshwa nyasi tangu msimu uliotangulia, na njia hiyo ni lazima ikubaliwe na jirani wa chini kwa kuwa maji hayo yatamfikia yeye.

Ukubali wa watu una historia yake katika mkoa huu. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, kazi iliyowachosha wenye mashamba na kuufunika udongo mwembamba wa juu kwa udongo wa chini usio na rutuba, hata mavuno yakapungua badala ya kuongezeka. Chuki iliyolimbikizwa ililipuka katika ghasia za Matombo Julai 1955, na mpango ukaachwa. Wakulima wale hawakuwa wajinga wa mmomonyoko. Waliipinga kazi ambayo mikono yao wenyewe ilikuwa imethibitisha kwamba haifai. Kila mradi unaofika kijijini ukiwa na vipimo vilivyokwisha kupangwa ungefanya vyema kuikumbuka Matombo.

Upepo na bustani

Upepo wa tufani kwa kawaida huitangulia mvua. Hewa ya baridi hushuka kwa nguvu kutoka ndani ya wingu la radi na, ikigota ardhini, husambaa pembeni, ikaangusha migomba na kuezua mapaa kwa muda mfupi sana. Mstari wa miti unaoukinga upepo hulinda eneo lenye urefu wa takriban mara kumi ya kimo chake, hivyo miti ya mita tano hukinga kama mita hamsini za shamba, lakini mstari huo hautakiwi kuziba kama ukuta, kwa sababu upepo unaogonga ukuta huuruka na kushuka nyuma yake ukizunguka kwa nguvu. Mstari unaopitisha karibu nusu ya upepo, kwa mfano wa migliricidia au milonge iliyochanganywa na vichaka vifupi, hufaa zaidi. Migomba yenye mikungu huwekewa mwega, nao hukazwa upande ambao mkungu umeinamia.

Mahindi yaliyolazwa na upepo kabla ya kutoa mbelewele yasiguswe, kwa kuwa hujiinua yenyewe ndani ya siku chache, shina likipinda kuelekea juu, na anayeyavuta ili kuyasimamisha huikata mizizi iliyobaki. Yaliyokwisha kutoa mbelewele hayana tena uwezo huo.

Bustani ya mboga huhitaji uangalizi wa karibu kuliko shamba, na bahati njema udogo wake unauruhusu. Matuta yaliyoinuliwa sentimita 20 hadi 30 huyaacha maji yashuke kwenye vijia badala ya kutuama kwenye mizizi, nacho kitalu hujengewa kichanja cha nyasi ili matone yasiilaze miche. Nyanya ndizo huumia zaidi, hata pale ambapo maji hayakutuama, kwa sababu majani yaliyolowa kwa siku kadhaa hushambuliwa na bakajani, ugonjwa wa ukungu unaoweza kumaliza bustani ndani ya wiki moja. Kwa hiyo familia inayotegemea mboga katika kipindi cha mvua kubwa hufanya busara kuweka mchicha na matembele mbele ya nyanya. Paa nalo halisahauliki: bati la mita za mraba 40 humwaga lita 2,000 kwenye mvua ya milimita 50, na maji hayo yasipopokelewa na mfereji wa bati na kupelekwa kwenye tangi au mtaroni, huchimba chini ya ukuta wa matofali ya udongo na kuibomoa bustani iliyo jirani yake.

Maji yanayopanda kutoka mtoni

Kwa mgeni, jambo gumu kuamini kuhusu Mkondoa ni kwamba mto huo unaweza kufurika chini ya anga safi. Maji yake hutoka mbali, kwani mto Kinyasungwe huyakusanya kutoka nchi kavu ya Dodoma na Mpwapwa, hupita Gulwe na Kidete, na kuwa Mkondoa unapoelekea Kilosa. Huko juu ardhi ina uoto haba, mvua hutiririka badala ya kuzama, na mto hushuka ukiwa na mchanga mwingi. Bwawa la Kidete lilikuwa likiyapokea maji hayo na kuyapunguzia kasi, na lilipobomoka bonde lilipoteza kinga ambayo tuta la kuuzuia mto mjini Kilosa haliwezi kuifidia. Mchanga hutua mtoni, kitanda cha mto huinuka, na tuta lenye kimo kilekile huwa fupi kila mwaka. Mwenye shamba nyuma ya tuta anastahili kulishukuru lakini asilale kwa kulitegemea, kwa sababu tuta likibomoka maji hufika kwa ghafla zaidi kuliko ambavyo yangefika pasipo tuta.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wakulima wengi huiona kama kunyang'anywa ardhi, na ni kweli kwamba ukingoni ndipo penye udongo mtamu, lakini matete na miti inayoachwa hapo huchuja mchanga kabla haujaingia shambani na kuushikilia ukingo usimegeke. Hekima ya zamani zaidi kuliko sheria hiyo ni kuwa na shamba la bondeni kwa mpunga na jingine la juu kwa mahindi, mtama au mihogo. Wataalamu waliwahi kuuona mgawanyo huo kama upotevu wa muda wa kutembea. Kwa hakika ndio bima iliyo karibu zaidi na mkulima, maana ni nadra mwaka mmoja uyaharibu mashamba yote mawili kwa kiwango kimoja.

TMA hutangaza hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Inapotangazwa tahadhari, muda wa kuchimba mitaro umekwisha, na kinachobaki ni watu, mbegu, nyaraka na mifugo. Mbegu za msimu ujao zihifadhiwe mbali na chakula, kwenye chombo kisichopitisha maji na mahali pa juu, kwa kuwa kaya iliyopoteza chakula inaweza kusaidiwa mapema, lakini mbegu iliyozoeleka hapo kijijini haipatikani dukani kwa urahisi.

Baada ya maji kupungua

Siku za kwanza baada ya mafuriko ndizo ambazo mkulima huhitaji subira na haraka kwa pamoja. Haraka huhitajika katika kuyatoa maji, maana mizizi iliyozama hukosa hewa, na mahindi machanga katika joto la bondeni huvumilia siku mbili hivi, ilhali mpunga huvumilia zaidi. Subira huhitajika kabla ya kung'oa. Siku tatu hadi tano baada ya maji kuondoka, mkulima huchimbua miche michache ya mahindi katika sehemu mbalimbali za shamba na kuipasua shina kwa kisu: kiini kikiwa cheupe na kigumu, mmea uko hai na utachipua hata kama majani yamekuwa ya manjano, kikiwa cha kahawia na kuteleza, umekufa. Dakika hizo chache za kupasua mashina zimeokoa mashamba ambayo yangelimwa upya bila sababu. Mahindi yaliyonusurika kwa kawaida yanahitaji mbolea ya nitrojeni, kwa kuwa maji huifukuza ile iliyokuwepo.

Mihogo na viazi vitamu vilivyokomaa havisubiriwi, kwani huoza ardhini, na ni bora vivunwe vyote hata kwa hasara ya bei. Mboga za majani zilizofunikwa na maji yaliyopitia vyooni haziliwi, na bustani husafishwa na kuanzishwa upya. Mahindi yaliyolowa ghalani yasichanganywe na makavu, kwa sababu unyevu huleta fangasi wanaotoa sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupika, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kinachofuata huamuliwa na kile ambacho mto umekiacha. Tope laini ni mbolea, na shamba lililofunikwa nalo laweza kupandwa mara linapokauka kiasi cha kukanyagika. Mchanga wa unene wa kiganja hulimwa na kuchanganywa na udongo wa chini. Ukizidi sana hapo, ni afadhali kuhamisha mahindi kwingine na kujaribu matikiti au karanga. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilichopo wilayani humohumo, kimetoa aina za kunde na choroko, miongoni mwake Vuli-1 na Nuru, zinazofaa sana wakati huu kwa sababu hukomaa kwa muda wa miezi miwili au zaidi kidogo. Mafuriko yakiwa ya Januari, mkulima bado anayo masika mbele yake na anaweza kurudia mahindi ya muda mfupi bila wasiwasi. Yakiwa ya mwisho wa Aprili, mahindi hayatafika popote, na ekari iliyolowa itafanya kazi bora ikipandwa choroko, inayoweza kutegemea unyevu uliobaki ardhini hadi Julai, huku pembezoni mwa maji yanayopungua mbegu za matembele zikianza kuchomekwa kwa ajili ya mboga za kiangazi.